Asbesto Melini: Kwa Nini Mwanamaji wa Miaka Ile Anaugua Leo

Tangu sheria ya PACT ilipotiwa saini Marekani mwezi Agosti 2022 kwa ajili ya wanajeshi wa zamani waliovuta moshi na sumu wakiwa kazini, swali moja halijaacha kuulizwa: na asbesto je, imo? Washa runinga ya huko, utakutana na tangazo la mawakili likisema kwamba ukiugua mesothelioma, saratani inayoletwa na asbesto, na uliwahi kutumikia Jeshi la Majini, kuna fedha zinakusubiri. Mwingine atakwambia hayo ni mambo ya wazee wa Vita Kuu ya Pili, kwani asbesto ilishapigwa marufuku zamani. Na pembeni yupo mzee wa miaka sabini na kitu, ngazi tatu tu zinamkata pumzi. Alikuwa fundi wa boila melini kati ya 1968 na 1972, na hakuna daktari aliyewahi kumwuliza ujanani alifanya kazi gani.

Kila moja ya habari hizo ina chembe ya ukweli ndani yake. Tatizo ni kwamba zimefungwa fundo moja, na kamba iliyolifunga fundo hilo ni muda. Sumu nyingi humshika mtu siku ileile au wiki ileile. Hii hukaa kimya miaka ishirini, thelathini, arobaini na zaidi. Ugonjwa unapojitokeza, meli imeshakatwa kuwa chuma chakavu, kampuni iliyouza bidhaa imefilisika, na mgonjwa mwenyewe ameshasahau rangi ya vumbi lililokuwa likimwangukia kitandani.

Asbesto ni nini hasa

Asbesto haikutengenezwa maabara. Ni jiwe linalochimbwa ardhini, lakini jiwe la ajabu: ukilipondaponda haliwi mchanga, linachambuka kuwa nyuzi. Nyuzi hizo unaweza kuzisokota uzi, kuzifuma kitambaa, au kuzichanganya na saruji, lami au mpira. Haziungui, hazipitishi joto kwa urahisi, hazili kutu, na zilikuwa bei rahisi. Zipo aina sita, ila zilizotumika sana viwandani ni tatu: nyeupe, inayoitwa krisotili, kahawia, inayoitwa amositi, na bluu, inayoitwa krosidoliti. Nyuzi za nyeupe zimejikunja kama nywele za singa zilizosokotwa, ilhali za kahawia na bluu zimenyooka kama sindano na hukaa mwilini muda mrefu zaidi. Manowari za Marekani zilibeba nyeupe na kahawia kwa wingi. Aina zote sita husababisha saratani.

Watu husema "ugonjwa wa asbesto" kana kwamba ni mmoja. Ni kadhaa, na tofauti zake zina uzito, kwa sababu hata fidia hutegemea ni upi.

Chukua punje ya karanga. Ina nyama yake, na juu ya nyama kuna kile kigozi chembamba chekundu. Pafu nalo liko hivyo: kuna nyama ya pafu yenyewe, na juu yake kuna utando mwembamba unaolifunika. Asbestosisi ni ugonjwa wa nyama. Pafu lote linajaa makovu, linakakamaa, linashindwa kutanuka. Hii si saratani, ila haina tiba ya kuirudisha nyuma, na kwa kawaida humpata aliyevuta vumbi jingi kwa miaka mingi. Mesothelioma ni saratani ya kile kigozi, na inaweza pia kushika utando wa tumboni. Marekani hupata wagonjwa wapya wa mesothelioma wapatao 3,000 kwa mwaka, na wengi wao wakishagunduliwa huishi miezi, si miaka mingi. Saratani ya mapafu, hii ya kawaida ambayo watu huihusisha na sigara, nayo huletwa na asbesto, kama ilivyo saratani ya zoloto na ya ovari.

Halafu kuna mabaka. Mtu anapigwa eksirei kwa ajili ya jambo jingine kabisa, daktari anaona mabaka meupe magumu kwenye utando wa mapafu. Wengi wakisikia hivyo hudhani wamehukumiwa kifo. Mabaka hayo si saratani na hayageuki kuwa saratani. Kazi yake ni kama ya alama ya nyayo: yanaonyesha kwamba asbesto iliwahi kupita hapo, kwa hiyo mwenye nayo anapaswa kufuatiliwa kwa karibu kuliko mtu mwingine.

Kwa nini meli, tena meli za kivita

Asiyeijua meli ya mvuke atashangaa kwa nini mtu aweke vumbi la hatari mahali wanapolala mamia ya vijana. Ili kuelewa, fikiria moto baharini. Nchi kavu jengo likiungua, watu hukimbilia nje. Baharini hakuna nje. Mwaka 1934 meli ya abiria Morro Castle iliungua karibu na pwani ya New Jersey wakafa watu 137, na tangu hapo wajenzi wa meli Marekani walibanwa watumie vifaa visivyoshika moto. Mwaka 1967, Julai 29, ndani ya meli ya kubebea ndege USS Forrestal, roketi moja ilifyatuka kwa bahati mbaya sitahani. Moto na mabomu yaliyofuata yaliua wanamaji 134. Hofu hiyo ilikuwa ya kweli, na asbesto ilionekana kuwa jibu lake.

Sababu ya pili ni mvuke. Manowari nyingi za Vita Kuu ya Pili na miongo iliyofuata ziliendeshwa na boila zilizochemsha maji hadi mvuke ufikie nyuzi joto 450 hivi za Selsiasi. Mvuke huo ulisafiri kwenye mabomba yaliyopita kila kona: chumba cha boila, chumba cha mitambo, jikoni, kufulia, hadi juu ya vitanda vya mabaharia. Bomba la namna hiyo likiachwa uchi linamchoma anayeligusa, linapoteza joto, na linakigeuza chumba kuwa tanuri. Kwa hiyo lilivishwa. Vazi lake lilikuwa magamba ya asbesto yaliyofungwa juu ya bomba, yakasilibwa kwa udongo wa asbesto uliokandwa na maji, kisha yakazungushiwa kitambaa na kupakwa rangi.

Ukiacha mabomba, asbesto ilikuwamo kwenye kuta za boila, kwenye tabaini, yaani mitambo inayozungushwa na mvuke, kwenye pampu na valvu, kwenye vigae vya sakafu na gundi yake, kwenye nyaya za umeme, kwenye kuta za vyumba, kwenye breki za winchi, hata kwenye glovu alizovaa fundi ili asiungue. Kuanzia miaka ya 1930 hadi katikati ya miaka ya 1970, kujenga meli ya Jeshi la Majini bila asbesto halikuwa jambo la kufikirika.

Nyuzi hizo zikiwa zimefungwa vizuri chini ya rangi na kitambaa hazimdhuru mtu. Hatari ni pale zinapovurugwa, na meli ni mahali pa kuvurugwa tu.

Tazama kazi moja ndogo: kubadilisha gaskiti. Gaskiti ni kipande bapa kinachowekwa kati ya vichwa viwili vya bomba ili mvuke usivuje. Baada ya miezi kwenye joto kali huwa imeshikamana na chuma kama ukoko chini ya sufuria. Fundi analegeza bolti, anatenganisha vichwa, kisha anachukua kisu cha kukwangulia. Kinachobaki anakisugua kwa brashi ya waya, au kwa mashine ya kusaga ikiwa ana haraka, mpaka chuma king'ae. Uso wake uko umbali wa mkono mmoja. Akimaliza anapuliza unga uliobaki kwa hewa ya kompresa ili gaskiti mpya ikae sawa. Chumba hakina dirisha. Wenzake wawili wanakula mkate hatua nne kutoka hapo. Kabla hata hajafikia gaskiti yenyewe alishabomoa lile vazi la bomba kwa nyundo, na vipande viko sakafuni vikisubiri kijana mwenye ufagio mkavu. Hiyo ni gaskiti moja. Chumba cha mitambo kina mamia yake.

Meli inapoingia chelezoni kufanyiwa matengenezo makubwa, vazi la mabomba hung'olewa kwa urefu wa mita na mita, na mara nyingi mabaharia walibaki wakiishi humohumo ndani. Wanamaji wa zamani husimulia pia habari ya mizinga: ikifyatuliwa, meli nzima inatikisika, na unga mweupe unadondoka kutoka mabombani juu ya mashuka. Wanakung'uta shuka, wanalala.

Nyuzi zikishaingia ndani

Uzi wa asbesto unaohesabiwa kuwa wa hatari una urefu unaozidi mikromita 5 na upana usiofika mikromita 3. Unywele wa mtu una upana wa mikromita kama 70. Kwa hiyo wingu lile jeupe ulilokuwa ukiliona lilikuwa sehemu tu ya vumbi. Zile nyuzi zinazofika chini kabisa ya pafu ni zile usizoziona, na huelea hewani kwa saa nyingi baada ya chumba kuonekana safi. Hazina harufu, haziwashi koo. Moshi wa sigara unakukohoza mara ya kwanza, angalau unakuonya. Hizi hazionyi.

Mwili una walinzi wake ndani ya mapafu, chembe zinazomeza uchafu na kuusafisha. Chembe hiyo ikikutana na uzi wa asbesto inajaribu kuumeza, lakini uzi ni mrefu kuliko yenyewe. Ni kama mtu kumeza mwiba unaobaki umetokeza mdomoni. Haiwezi kuumaliza na haiwezi kuutema. Inakufa ikimwaga kemikali zinazounguza nyama ya jirani, kisha inakuja nyingine, nayo yanaikuta yaleyale. Uvimbe huo mdogo hauishi, kwa kuwa mwiba uko palepale. Mwaka baada ya mwaka nyama inajenga kovu, na mahali pengine chembe za mwili zinazojigawa katikati ya uvimbe huo huanza kukosea. Makosa hayo hujilimbikiza polepole mno. Ndiyo maana mesothelioma kwa kawaida huchukua miaka 20 hadi 50 tangu mtu alipovuta vumbi la kwanza.

Utafiti ulioangalia saa mapema mno

Wanaouliza "kwani hawakujua?" wanastahili jibu la kweli. Uingereza ilichunguza wafanyakazi wa viwanda vya asbesto, ikatoa ripoti mwaka 1930, na kufikia 1931 ilikuwa na kanuni za kudhibiti vumbi. Kwa hiyo kwamba asbesto inatia makovu mapafuni lilijulikana kabla Vita Kuu ya Pili haijaanza.

Marekani nayo ilipima. Mwaka 1946 ulichapishwa uchunguzi wa watu waliokuwa wakivisha mabomba kwenye viwanda vya kujenga manowari. Walipigwa eksirei wafanyakazi 1,074. Waliokutwa na asbestosisi ni watatu. Waandishi wakahitimisha kwamba kazi ya kuvisha mabomba si ya hatari sana. Hitimisho hilo liliwatuliza wakubwa kwa miaka mingi.

Sasa angalia ndani ya hesabu. Kati ya watu hao, asilimia 95 walikuwa wameifanya kazi hiyo kwa muda usiofika miaka kumi, kwa kuwa wengi walikuwa wameajiriwa kwa ajili ya vita. Na wale watatu waliokutwa wagonjwa, wote walikuwa na zaidi ya miaka ishirini kazini. Yaani ugonjwa unaohitaji miaka ishirini ulitafutwa kwa watu waliokuwa na miaka mitano. Ni sawa na kwenda shambani wiki moja baada ya kupanda, ukakuta udongo mtupu, ukaandika kwamba mbegu hazioti. Mimi naona hapa ndipo palipofanyika kosa kubwa kuliko yote, na linaniuma kwa sababu takwimu za kulisahihisha zilikuwa ndani ya ripoti ileile.

Ukweli ulikuja kwa vipande. Mwaka 1960, Afrika Kusini, J. C. Wagner na wenzake walieleza habari za wagonjwa 33 wa mesothelioma, karibu wote wakihusishwa na machimbo ya asbesto ya bluu ya Rasi ya Kaskazini. Baadhi yao hawakuwahi kuchimba: waliishi tu karibu. Miaka minne baadaye, mjini New York, daktari Irving Selikoff alionyesha vifo vya saratani miongoni mwa mafundi wa kuvisha mabomba, watu wa kazi ileile iliyosafishwa jina mwaka 1946. Safari hii muda ulikuwa umetosha.

Yale yanayosemwa sana

"Nilikaa melini miaka miwili tu." Kiasi kina maana: aliyevuta vumbi jingi kwa miaka mingi yuko hatarini zaidi kuliko aliyevuta kidogo, na walio wengi kati ya waliovuta hawatapata mesothelioma kamwe. Hilo lisemwe wazi, watu wasiishi kwa hofu. Lakini hakuna kiwango ambacho wataalamu wamekithibitisha kuwa salama, na wapo waliougua mesothelioma baada ya miezi michache ya vumbi. Mwigizaji Steve McQueen aliwahi kuwa askari wa Marine kuanzia 1947 hadi 1950. Mwenyewe aliamini kwamba asbesto ilimwingia alipopewa adhabu ya kubandua vazi la mabomba ndani ya meli, ingawa baadaye alivaa pia mavazi ya asbesto ya mashindano ya magari. Alifariki Novemba 1980, muda mfupi baada ya kupasuliwa uvimbe wa mesothelioma. Hesabu mwenyewe: miaka thelathini.

"Mimi sikuwa fundi, nilikuwa ofisa." Au karani, au mpishi. Ni kweli kwamba wa boila, wa mitambo na wa mabomba ndio waliokula vumbi zaidi. Lakini hewa ya meli ni moja. Admirali Elmo Zumwalt, aliyekuwa mkuu wa Jeshi la Majini la Marekani kuanzia 1970 hadi 1974, alianza akiwa ofisa kijana kwenye manowari za Vita Kuu ya Pili. Aliaga dunia Januari 2, 2000. Ugonjwa: mesothelioma.

"Ni sigara zake, si asbesto." Sentensi hii nimeisikia ikitumika kumnyamazisha mgonjwa, na mara nyingine mgonjwa mwenyewe anaitumia kujilaumu. Kwa mesothelioma sigara haihusiki. Kwa saratani ya mapafu, viwili hivyo havigawani lawama, vinazidishana. Mwaka 1979 Selikoff na wenzake walitoa hesabu za mafundi wa kuvisha mabomba wa Marekani na Kanada. Ukilinganisha na mtu asiyevuta sigara wala kufanya kazi na asbesto, aliyefanya kazi na asbesto bila sigara alikuwa na hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu kama mara 5, mvutaji asiyegusa asbesto mara 11 hivi, na aliyekuwa na vyote viwili zaidi ya mara 50. Kwa hiyo kuwa mvutaji hakuifuti asbesto. Na aliyeivuta asbesto zamani, jambo kubwa kuliko yote analoweza kujifanyia leo ni kuacha sigara, hata akiwa na miaka sabini.

"Ilipigwa marufuku miaka ya 1970." Hapana. Katika miaka hiyo matumizi yalianza kubanwa, na Jeshi la Majini likaanza kuiacha kwenye meli mpya. Marekani ilijaribu kuipiga marufuku karibu yote mwaka 1989, mahakama ikafuta sehemu kubwa ya katazo hilo mwaka 1991, na marufuku ya asbesto nyeupe, aina pekee iliyokuwa bado ikiingizwa nchini, ilitoka Machi 2024. Tena, meli mpya kutowekewa asbesto hakukuiondoa kwenye meli za zamani zilizokuwa zikiendelea na kazi.

"Aliyeugua ni mke wake, yeye mzima." Hilo nalo hutokea. Nguo za kazi zilirudi nyumbani na vumbi lake, mtu akazikung'uta kabla ya kuzifua. Mke huyo hawezi kulipwa fidia ya ulemavu na Idara ya Wanajeshi wa Zamani, kwa kuwa fidia hiyo ni ya maradhi ya aliyetumikia jeshi. Lakini mlango wa kuwadai waliouza bidhaa haujafungwa kwake.

Kwa daktari

Dalili zenyewe ni za kawaida mno: kuishiwa pumzi, kikohozi kikavu kisichoisha, maumivu upande mmoja wa kifua, kupungua uzito. Mzee anaambiwa ni uzee. Anaambiwa ni nimonia, maji yanatolewa kifuani, yanarudi baada ya wiki mbili. Maji yanayorudi kwenye kifua cha mtu aliyewahi kufanya kazi melini ni jambo la kuuliza maswali, si la kutoa maji tena na kumrudisha nyumbani.

Hakuna kipimo cha damu kitakachokwambia kama uliwahi kuvuta asbesto. Kipimo cha kwanza ni mdomo wako: "Daktari, nilikuwa chumba cha mitambo cha meli fulani, mwaka fulani hadi fulani, tukibandua mabomba." Sentensi hiyo inabadilisha namna daktari anavyosoma picha. Kutoka hapo zipo eksirei, skani ya CT na kipimo cha kupuliza kinachoonyesha mapafu yanabeba hewa kiasi gani. Mesothelioma huthibitishwa kwa kutoa kipande kidogo cha nyama na kukitazama kwa darubini, na hapo ni vizuri mpimaji awe mwenye kuuzoea ugonjwa huu, kwani hufanana na saratani nyingine. Wanajeshi wa zamani walioandikishwa kwenye huduma ya afya ya VA, kama wenyewe wanavyoiita idara hiyo, huulizwa kuhusu sumu walizokutana nazo angalau mara moja kila miaka mitano. Utaratibu huo ulianza Novemba 2022. Ukifika zamu yako, itaje asbesto kwa jina.

Fidia, na lile swali la PACT

Sheria ya PACT inayataja maradhi kadhaa ambayo mwanajeshi wa zamani hahitaji tena kuthibitisha yametokana na nini: alikuwa mahali fulani, wakati fulani, ana ugonjwa fulani, inatosha. Imefanya hivyo hasa kwa moshi wa mashimo ya kuchomea taka vitani, kwa dawa ya kuua majani iliyomwagwa Vietnam, na kwa mionzi. Asbesto ya melini haikupewa nafasi hiyo. Ndiyo maana baharia anayetuma madai akiandika tu "PACT" anaweza kushangaa akikataliwa. Haki yake ipo na ilikuwapo kabla ya 2022, ila anapita njia ya zamani, ya kuthibitisha.

VA inataka kuona mambo matatu: ugonjwa uliothibitishwa na daktari, ushahidi kwamba aligusana na asbesto akiwa jeshini, na maelezo ya daktari yanayoviunganisha viwili hivyo. Kipimo cha uthibitisho si kigumu kama cha mahakama ya jinai. Mizani ikikaa sawasawa, nusu kwa nusu, sheria inaagiza ielemee upande wa mwanajeshi. Daktari hahitaji kuandika "nina hakika". Akiandika kwamba uwezekano wa asbesto ya jeshini kuwa chanzo ni angalau nusu, na akaeleza kwa nini, ametimiza. Barua nyingi huanguka kwa neno moja legelege la "huenda" lisilo na sababu nyuma yake.

Kuhusu kugusana na asbesto, VA ina orodha ya kazi za wanamaji iliyopangwa kwa uwezekano, kuanzia mdogo hadi mkubwa sana. Kazi yako imeandikwa kwenye cheti cha kuachishwa jeshi, fomu ya DD-214. Hapa kuna uvumi unaowakatisha watu tamaa bure: kwamba kumbukumbu ziliteketea kwenye moto wa ghala la mafaili ya wanajeshi huko St. Louis. Moto ulitokea kweli Julai 1973, ukateketeza mafaili mamilioni, lakini yalikuwa ya Jeshi la Nchi Kavu na la Anga. Ya wanamaji hayakuwa miongoni mwa hayo. Na kama karatasi inasema karani lakini wewe ulipelekwa miezi sita kubandua mabomba chelezoni, ushuhuda wa maandishi wa mwenzako mliyekuwa naye unapokelewa. Wenzako nao wanazeeka, kwa hiyo mpigie simu mwezi huu.

Kiasi cha malipo kinafuata ugonjwa. Mesothelioma na saratani ya mapafu iliyo hai huhesabiwa ulemavu wa asilimia 100. Asbestosisi hupimwa kwa uwezo wa mapafu, kwa hiyo asilimia yake inaweza kuwa ya chini au ya juu. Mabaka peke yake, pumzi ikiwa nzuri, mara nyingi hupata sifuri. Usiikatae sifuri hiyo: maana yake VA imekubali kwamba chanzo ni utumishi wako jeshini, na hali ikizorota huanzi upya. Madai ya VA hayana tarehe ya mwisho. Na mwanajeshi akifa kwa ugonjwa uliotokana na utumishi wake, mjane au mgane anaweza kudai malipo yake mwenyewe, hata kama marehemu hakuwahi kudai.

Wengine huogopa kwamba kudai ni kulishtaki jeshi lao. Si hivyo. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu Kabisa ya Marekani wa mwaka 1950, kwa kawaida mwanajeshi hawezi kuishtaki serikali kwa madhara yaliyotokana na utumishi wake. Fidia ya VA ni haki ya utumishi, haina mshtakiwa. Wanaoshtakiwa ni kampuni zilizouza bidhaa, nyingine zikijua hatari na kukaa kimya. Kubwa kuliko zote, Johns-Manville, iliomba kinga ya kufilisika mwaka 1982, na kutokana na kufilisika kwa kampuni kama hizo ikazaliwa mifuko ya amana inayolipa waathirika. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu Kabisa iliamua kesi ya wajane wawili wa mabaharia. Waliotengeneza mashine walijitetea kwamba wao waliuza chuma kitupu, asbesto ilifungwa na wengine. Mahakama ilisema mtengenezaji anayejua kwamba mashine yake haiwezi kufanya kazi bila kifaa cha hatari, na kwamba watumiaji hawaijui hatari hiyo, alipaswa kuwaonya. Njia hii ya kampuni na ile ya VA hazizuiani, ila hii ya mahakamani ina tarehe ya mwisho, mara nyingi ikihesabiwa tangu siku ya kugunduliwa ugonjwa, na kila jimbo lina muda wake.

USS Midway, moja ya meli hizo za zamani zenye asbesto, ilianza kazi mwaka 1945 ikapumzishwa 1992. USS Missouri, iliyoanza 1944, nayo iliagwa 1992. Kijana aliyepanda Midway mwaka 1990 akiwa na miaka ishirini sasa yuko katika miaka ya hamsini, bado anakwenda kazini, na huenda anajiona hana uhusiano wowote na wazee wa vita. Kwa hesabu ile ya miaka 20 hadi 50, muda wake ulifunguka mwaka 2010 na utakuwa wazi hadi 2040.